Nimemwaga oili ya IST mwenyewe nyumbani, siku ya nne imeshakuwa nyeusi na chini kuna doa. Nimekosea wapi?

#1 Spana Mpya

Habari zenu wakuu.

Jumamosi nimemwaga oili ya gari mwenyewe, mara ya kwanza maishani. Gari ni Toyota IST ya cc 1290, nimeichukua mkononi mwa mtu mwaka jana, sasa imesoma kilomita 148,000 na ushee. Kilichonisukuma: sevisi iliyopita nilikaa gereji nikiangalia kwa macho yangu haya, fundi akaichukua filta ya zamani, akaipangusa kwa kitambaa ikang'aa, akairudisha, akanidai hela ya filta mpya. Nikasema safari hii nalala chini mwenyewe.

Nilivyofanya ni hivi. Nikaliwasha dakika kumi oili ipate joto, nikazima, nikapiga jeki mbele, nikapanga matofali kila upande. Spana namba 14. Dakika tano nzima nilikuwa naikaza nati ya chini ya kumwagia oili badala ya kuilegeza, maana ukishalala chali mkono wa kulia unasahau kazi yake. Ilipoachia ikaniponyoka ikazama kwenye beseni, oili ya moto ikanitiririka hadi kwapani. Ilikuwa nyeusi kama lami. Filta ikanigomea, nikaitoboa kwa bisibisi nikaizungusha mpaka ikatoka. Mpya nikafunga kwa mkono. Nikarudisha nati, nikaikaza kweli kweli, nikamimina 5W-30, rangi ya asali kabisa, nikajiona mhandisi.

Leo siku ya nne. Nimetembea kama kilomita 110 tu, Mbagala mjini na kurudi. Asubuhi nachomoa kijiti cha kupimia, oili nyeusi. Naangalia sakafuni, doa la ukubwa wa kisosi.

Nimeuziwa feki? Na doa linatoka wapi? Nawasilisha.

#2 Chai ya Rangi

Umekwepa elfu kumi ya fundi, sasa andaa milioni ya injini. Nimeshatandika mkeka hapa.

#3 Dereva wa Mandela

Kabla hatujafika kwenye rangi, mkuu, umesema matofali? Chuma kikizidiwa kinapinda, unakiona. Tofali halipindi, linapasuka mara moja na wewe uko chini yake. Na jeki ni ya kuinulia, si ya kushikilia gari. Mipira yake ikichoka inashuka yenyewe taratibu hata hujui. Nenda maduka ya Gerezani ununue stendi mbili za chuma, weka mawe nyuma ya magurudumu, vuta hendibreki, ndipo uingie. Habari ya doa tutakushauri ukiwa hai.

#4 Fundi Nusu

Weusi usikupandishe presha. Oili ya injini imetiwa dawa ya kusafisha, kazi yake ni kubandua masizi na kuyabeba yasigande. Kama mwenye gari wa kwanza alikuwa anamwaga oili akikumbuka, injini imejaa tope, na siku ulipotia oili nzuri ikaanza kufua uchafu wa miaka. Tena usidhani ulipofungua nati ilitoka yote. Kuna inayobaki kwenye pampu, kwenye njia zake, juu kwenye silinda hedi. Tia kijiko cha kakao kwenye jagi la maziwa uone kama yatabaki meupe. Mimi oili inayobaki asali hadi kilomita 5,000 ndani ya injini chakavu ndiyo ningeitilia shaka, kwamba haifanyi kazi.

Doa ndilo la kuangalia. Swali moja: filta ya zamani ilipotoka, mpira wake ulitoka nao? Au ulibaki umenata kwenye injini ukafunga mpya juu yake? Mipira miwili ikikaliana inavuja, na siku nyingine inachomoka mwendoni oili yote inaishia barabarani. Hilo ndilo kosa la kila anayeanza. Mimi pia nilianza nalo.

#5 Kibao Kata

Fundi Nusu unampoza mwenzio. Kilomita 110? Dizeli sawa, dizeli inakuwa nyeusi hujatoka getini. Hii ni petroli. Nilikuwa na Vitz, nikatia oili ya bei chee kwenye duka fulani, siku ya tatu nyeusi na nyepesi kama chai ya msibani. Niliporudi dukani muuzaji akaniangalia kama hajawahi kuniona tangu azaliwe. Oili chafu inachujwa, inatiwa rangi, inajazwa kwenye galoni zenye nembo kubwa kubwa. Mleta mada, kizibo kilikuwa na ule mkanda wa kukatika? Chini ya galoni kuna namba ya toleo? Risiti unayo?

#6 Mama Tunu

Ndiyo maana galoni ikiisha mimi naikata shingo kabla ya kuitupa. Wale wanaopita mtaani kununua galoni tupu za oili kwa bei kuliko madumu ya maji, mnadhani wanakwenda kupandia maua?

Namwaga oili ya Passo yangu mwenyewe mwaka wa nne huu. Kabla hamjaniuliza mume yuko wapi: yupo, ananishikia tochi.

Mleta mada, umesimulia mpaka oili ilivyokufika kwapani ila hujasema ulitia lita ngapi.

#7 Spana Mpya

Asanteni wakuu. Kizibo kilikuwa na mkanda, risiti ni ya kuandika kwa mkono, namba ya toleo sikuangalia. Filta ya zamani imeshaenda na gari la taka, mpira wake sikuukagua.

Lita nimetia galoni yote, 4. Nikaona kubakiza kidogo ni kupoteza.

#8 Fundi Nusu

Haya, tumefika. Injini hiyo pamoja na filta inachukua lita 3.7. Umezidisha glasi nzima na zaidi. Oili ikipanda sana, krenki inaizungusha kama mwiko kwenye uji, inapiga povu, na povu halilainishi chochote. Presha ya hewa ndani nayo inapanda, oili inatafuta pa kutokea. Doa lako huenda ni hilo tu.

#9 Dereva wa Mandela

Glasi moja na robo haijawahi kumpigia mtu injini povu, tusitishane. Kwenye kijiti itapita alama ya juu kidogo tu. Ingekuwa amezidisha lita nzima ningekuunga mkono. Na "oili inatafuta pa kutokea" ni lugha ya fundi anayetafuta pa kuchomekea bili.

Halafu wewe uliyefungua uzi, ulipimaje? Gari likiwa kwenye usawa? Mbagala najua viwanja vyake.

#10 Spana Mpya

Uwanja una mteremko kidogo kuelekea getini. Nimepima gari likiwa limetazama chini.

#11 Chai ya Rangi

Kwa hiyo mpaka sasa hatujui umetia kiasi gani, hatujui umepima nini, hatujui mpira uko wapi. Tunajua kwapa tu.

#12 Mhasibu Mstaafu

Salaam. Mimi si wa magari, ni wa vitabu vya hesabu. Mleta mada naomba uorodheshe matumizi: oili, filta, spana, bisibisi kama uliinunua kwa kazi hii, na hilo beseni. Nataka kujua huo wokovu wa elfu kumi unasimamia wapi.

#13 Pemba Peponi

Mie nimeshika hapo kwenye beseni. Beseni la nani hilo, ndugu yangu?

#14 Spana Mpya

Mzee Mhasibu: oili 68,000, filta 9,000, spana 6,000, mrija wa kumiminia 2,000. Nauli ya bodaboda 3,000. Bisibisi ilikuwepo.

Beseni ni la mama watoto, lile la bluu la kufulia nguo za mtoto. Nimelisugua kwa sabuni ya unga na petroli. Bado hajaliuliza.

#15 Pemba Peponi

Khaa! Kwa petroli? Nguo za mtoto? Funga uzi huu uende ukanunue beseni jengine kabla jua halijatua.

#16 Mzee wa Namba 40

Mnazunguka mbuyu. Kosa lake ni 5W-30. Hiyo ni oili ya nchi za theluji. Dar joto hili, oili nyepesi namna hiyo inakuwa maji, inapenya kila mahali, ndiyo maana inavuja na ndiyo maana imeungua ikawa nyeusi. Nimeendesha magari tangu 1983, nimetia namba 40 kavu maisha yangu yote, na siku hizi 20W-50. Ile W ni ya uzito. Gari la kilomita 148,000 linataka oili nzito ya kushika vyuma vilivyolegea.

#17 Mama Tunu

Shikamoo mzee. Kwa heshima zote, W si uzito, ni winta, majira ya baridi ya wenzetu. Namba iliyo mbele ya W inasema oili inatiririka vipi injini ikiwa ya baridi. Ya nyuma inapimwa kwenye nyuzi 100. Injini ikishachemka iko tisini na kitu iwe kwenye joto la Mbagala au baridi ya Makambako, kuna thamostati kwa kazi hiyo hiyo. Joto la mtaani halibadilishi sana kilichomo ndani.

#18 Maskati Moja

Masalkheri jamaa. Mie niko Maskati, kiangazi huku kinapita nyuzi 45, ukishika mlango wa gari unaacha ngozi. Naendesha Yaris, injini yake ni ndugu wa tumbo moja na hiyo ya IST. Mwaka wa sita natia 5W-30, haijageuka maji wala haijavuja. Mzee wangu joto la Dar ni upepo wa feni kwetu.

#19 Mzee wa Namba 40

Marahaba Mama Tunu. Kijana wa Maskati, gari lako ulilinunua jipya au limetoka Japani likiwa limeshamaliza ujana wake? Hapo ndipo tofauti. Na barabara zenu hazina vumbi la Mbande.

#20 Maskati Moja

Jipya mzee. Hapo umenishika kidogo. Ila vumbi tunalo, la jangwa.

#21 Makanika wa Grogan

Hamjambo majirani. Niko Nairobi, nafanya kazi karibu na Kirinyaga Road, ile wazee bado wanaiita Grogan. Nyinyi mnaita oili, sisi twasema mafuta ya injini, lakini ugomvi ni ule ule kila siku. Hiyo injini ina VVT-i. Kuna kidude pale juu kinasukumwa na presha ya mafuta ili kugeuza muda wa vali. Kina vijinjia vyembamba na kichujio kidogo kama cha chai. Ukiweka mafuta mazito sana, asubuhi ya Julai hapa Nairobi nyuzi 11, kinachelewa kuamka, na injini inakuwa nzito kwa kuondoka. Dar hakuna baridi hiyo, kwa hivyo mzee pengine hajawahi kuiona hiyo shida.

Lakini mzee ana pointi kwingine. Injini ikishaanza kula mafuta, moshi wa bluu na kila kitu, mimi mwenyewe nampandisha mteja 10W-40. Haiponyi, inapunguza kelele mpaka apate pesa ya ringi za pistoni.

#22 Dereva wa Mandela

Kitabu cha Hilux ya ofisini kwetu kina chati ya nyuzi joto, na 20W-50 imo kwa nchi zenye joto. Toyota wenyewe wameandika. Kwa hiyo mzee si wa kuchekwa.

#23 Mama Tunu

Hilux. Swali ni la IST.

#24 Kipimo Sahihi

Samahani kuingilia. Kwa wanaopenda namba: kwenye nyuzi 100 oili ya 30 ina mnato kati ya 9.3 na 12.5, ya 50 inaanzia 16.3 kwenda 21.9, kipimo ni milimita za mraba kwa sekunde. Hakuna hata moja inayokuwa "maji". Maji yenyewe kwenye joto hilo hayafiki hata 0.3. Pia aliyeuliza namba ya toleo kule juu angeuliza na alama ya API, ile ya daraja la oili: SN ni ya 2010, SP ni ya 2020. Ukikuta duka linauza galoni "mpya" yenye herufi za miaka ya tisini, jiulize ilikuwa wapi.

#25 Chai ya Rangi

Mtu ameuliza doa, amepewa mnato wa maji. Nalipenda jukwaa hili.

#26 Kibao Kata

Bado nasimama palepale, ni feki. Jaribu hivi: tia tone moja kwenye karatasi nyeupe ya choo, liache usiku. Likitawanyika na kuacha duara jeusi katikati na ukingo safi...

#27 Fundi Nusu

Hicho kipimo cha karatasi kinaonyesha uchafu uliobebwa na oili, hakionyeshi kama ni feki. Kitakwambia nyeusi, tunajua ni nyeusi.

#28 Njia Panda ya Segerea

Acheni niwape la kwangu mpate kumuonea huruma. Mimi nilianza na Subaru Forester. Chini kuna nati zaidi ya moja na mimi sikujua. Nikafungua niliyoiona kwanza, ikatoka nyekundu kama juisi ya rozela. Nikasema kumbe oili ya Subaru ni nyekundu, nzuri hiyo. Nikafunga, nikapanda juu, nikamimina lita nne za oili mpya pale pa injini. Gari likawaka, nikaingiza gia, halisogei. Nikaingiza nyuma, halisogei. Nilikuwa nimemwaga haidroliki ya giaboksi yote, na injini ina oili mara mbili, ya zamani na mpya juu yake. Jirani akanishauri nisukume.

Kwa hiyo Spana Mpya, kama yako ilitoka nyeusi, umeshanishinda.

#29 Chai ya Rangi

Hii chai au kweli? Injini yenye lita nane iliwaka?

#30 Njia Panda ya Segerea

Iliwaka, moshi mweupe mtaa mzima, watoto wakidhani wapulizia mbu wamekuja. Nilizima baada ya dakika. Lilivutwa kwa kamba hadi gereji, fundi akaniuliza "nani kafanya hivi?" Nikasema fundi mwingine.

#31 Makanika wa Grogan

Kila wiki naletewa hiyo kesi. Na kila mmoja husema fundi mwingine.

#32 Spana Mpya

Wakuu, mrejesho. Juzi nimeazima stendi kwa jamaa wa jirani (Dereva wa Mandela usinifokee tena), nimesukuma gari hadi kwenye zege la usawa, nikaingia.

Nilichokuta: kuzunguka filta kuna unyevu. Kwenye nati kuna unyevu pia. Na lile kava la plastiki la chini lina dimbwi dogo la oili kwenye mikunjo yake. Filta nimeifungua: mpira ni mmoja tu, hakuna wa pili. Nimeupaka oili mpya kidoleni, nikafunga hadi ukagusa, halafu nikaongeza robo tatu ya mzunguko. Nati nikaifungua haraka haraka, nikabadili ile washa bapa inayokaa kati ya nati na injini. Ya zamani ilikuwa imebanwa hadi imekuwa kama sarafu ya zamani, na kwa kweli sikuwa nimefikiria kama inabadilishwa. Katika kuhangaika ikamwagika kiasi, kijiti sasa kinasoma chini ya alama ya juu. Kava nimelifuta lote.

Asubuhi ya leo na jana sakafu kavu kabisa.

#33 Fundi Nusu

Safi. Ilikuwa washa. Umejifunza.

#34 Dereva wa Mandela

Ilikuwa filta. Mara ya kwanza alifunga kwa mkono mtu mwenye mikono ya oili, anadhani amekaza kumbe unateleza tu.

#35 Mama Tunu

Ilikuwa kava. Alitoboa filta kwa bisibisi, oili ikamwagika juu ya plastiki, ikawa inadondoka siku nne. Haijawahi kuvuja popote. Hicho kidimbwi ni cha Jumamosi.

#36 Fundi Nusu

Na unyevu kwenye nati, Mama Tunu, ulipanda kutoka kwenye kava kwa miguu?

#37 Mama Tunu

Ulishuka kutoka kwenye filta kwa upepo wa mwendo. Gari huwa linakwenda mbele, Fundi Nusu.

#38 Mzee wa Namba 40

Mmesahau kwamba oili imepungua. Ilizidi, ikatoka, sasa imetosha, imetulia. Hili nililisema.

#39 Chai ya Rangi

Mzee ulisema 5W-30.

#40 Makanika wa Grogan

Amefanya mambo manne siku moja, hakuna atakayejua ni gani. Ndiyo sababu mimi hubadilisha kitu kimoja na kungoja asubuhi. Ila mteja hapendi kungoja.

Kitu ambacho hakuna aliyekigusa: alisema "nikaikaza kweli kweli". Hiyo nati inataka karibu Nm 38, yaani mkono mmoja na spana fupi, basi. Ukiikaza kama ya gurudumu, siku moja nyuzi za sampo, lile bakuli la mafuta chini ya injini, zitaliwa, na hapo utakuwa unachongewa nyuzi upya kwa tepu au unanunua sampo nzima. Kagua hilo kwanza.

#41 Spana Mpya

Nilipoifungua ilitoka na unga unaong'aa kwenye nyuzi. Nikadhani ni uchafu.

#42 Makanika wa Grogan

Pole. Sasa ikaze kwa adabu na usiiguse hadi sevisi ijayo.

#43 Njano Tano

Sevisi ijayo ni lini kwani? Fundi wangu ananiandikia kilomita 3,000 kwenye kibandiko. Kitabu kinasema 10,000. Nani mkweli?

#44 Dereva wa Mandela

Wote na hakuna. Kilomita za foleni si kilomita. Mimi kutoka Buguruni hadi Ubungo siku mbaya ni saa moja na nusu, dashibodi inaongeza kilomita nane. Injini imefanya kazi saa na nusu, umeandika nane. Namwaga kila 5,000 au miezi sita, chochote kitakachotangulia.

#45 Kibao Kata

Kwa oili za siku hizi 3,000 ndiyo usalama. Fundi anajua anauza nini.

#46 Fundi Nusu

Fundi anajua anapata nini. Kila 3,000 ni elfu kumi yake.

#47 Njano Tano

Sawa, nimebaki nilipokuwa.

#48 Pemba Peponi

Na ile chafu mliiweka wapi? Lita tatu na kitu hizo.

#49 Spana Mpya

Ipo kwenye dumu la lita tano nyuma ya banda la kuku. Jirani anaiomba apake nguzo za uzio, mchwa wamemmaliza.

#50 Mzee wa Namba 40

Mpe. Nguzo za shamba langu Kisarawe nimezipaka oili chafu, mwaka wa kumi na mbili hazijaguswa. Na mafundi ujenzi wanaipaka kwenye mbao kabla ya kumwaga zege, zege lising'ang'anie. Oili chafu haitupwi.

#51 Mama Tunu

Nguzo za juu ya ardhi sawa, ila mzee inayoingia shimoni inabaki ardhini. Ina vipande vya chuma na masizi ya injini ndani yake, NEMC, wale wa baraza la mazingira, wanaihesabu ni taka hatarishi. Mbagala nusu ya nyumba zinachota kisimani. Mimi nakusanya dumu mpaka lijae nampelekea fundi gereji, wao wana pipa na kuna gari la wanunuzi linapita. Angalau inakwenda kwa mtu anayejua anaipeleka wapi.

#52 Kibao Kata

Inakwenda kuchujwa na kurudi kwenye galoni ya Spana Mpya.

#53 Mama Tunu

Hilo nimekosa jibu.

#54 Dereva wa Mandela

Kwa kiasi kile jirani apake nguzo nne, zilizobaki azipake kwa kitu kingine. Na kuku waangaliwe, kuku ananywa chochote kinachong'aa.

#55 Spana Mpya

Mrejesho wa pili, baada ya wiki mbili. Kilomita 480 tangu nimwage. Doa hakuna. Oili bado nyeusi, haijapungua kwenye kijiti, injini imetulia. Tone la karatasi nimelifanya pia: duara jeusi, ukingo safi. Fundi Nusu anasema inasafisha, Kibao Kata amenitumia ujumbe pembeni kwamba ndivyo feki inavyokuwa. Nimeamua nitamwaga tena kwenye 2,500 nione ya pili itakaa na rangi gani.

#56 Fundi Nusu

Ya pili itakaa kahawia wiki mbili. Weka alama hapa.

#57 Kibao Kata

Itakuwa nyeusi siku ya nne. Weka alama hapa pia. Na nunua duka lingine.

#58 Kipimo Sahihi

Akibadili duka, hamtaweza kulinganisha.

#59 Mhasibu Mstaafu

Nimefunga hesabu ya mleta mada. Oili 68,000, filta 9,000, spana 6,000, mrija 2,000, bodaboda 3,000. Washa sijaandikiwa bei, naweka 1,000. Soda ya mwenye stendi, naweka 1,000. Jumla 90,000. Gereji angelipa oili ileile, filta, na ufundi 10,000, jumla 87,000. Amepoteza 3,000, beseni halijaingia.

#60 Mama Tunu

Mzee, spana na mrija haviishi. Sevisi ya pili hesabu inageuka.

#61 Mhasibu Mstaafu

Katika vitabu ningeigawa spana kwa miaka mitano. Nasubiri beseni.

#62 Spana Mpya

Limeulizwa jana usiku. Jipya ni 8,500. La bluu nimepewa rasmi, limeandikwa "OILI" kwa peni nyekundu na linalala nje.

#63 Mhasibu Mstaafu

Hasara 11,500. Nimeandika.

#64 Pemba Peponi

Hongera, umepata beseni la kazi.

#65 Mgeni wa Jana

Wakuu mimi nina Noah, nimefungua nati ya chini hivi sasa inatoka nyekundu. Ni kawaida?

#66 Njia Panda ya Segerea

FUNGA HARAKA.